Msitufanye Sisi Ushuhuda

Ndugu zangu wa Mzinga,



Nasikia siku hizi mtu akisimama kutoa ushuhuda hutaja nyumba inayojengwa na mwanawe aliye Ulaya, na watu huitikia amina kwa nguvu. Nawasihi, tuache hilo. Fedha ninazotuma kutoka huku Ujerumani ni mshahara wa zamu za usiku. Namshukuru Mungu kwa kazi, lakini mama anayelima kandokando ya Mto Mzinga, asiye na mtoto ughaibuni, asije akadhani Mungu amempita.

Hapa Ujerumani Kanisa ni tajiri. Kodi ya kanisa hukatwa moja kwa moja kwenye mishahara ya waumini. Vinanda ni vikubwa, na wakati wa baridi watu husali kwenye joto. Hata hivyo, mwaka 2023 pekee Wakatoliki zaidi ya 400,000 walijitoa rasmi katika Kanisa. Sababu ni nyingi, zikiwemo kashfa za watoto kunyanyaswa, wala siwahukumu walioondoka. Ila utajiri wote ule haukuweza kuwabakiza.

Ninyi mna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua miaka ya 1970 ziwe msingi wa Kanisa. Mnakutana nyumbani kwa mtu, mnakaa kwenye mkeka na viti vya kuazima, mnasoma Injili na kuulizana hali. Asiyeonekana wiki mbili, anafuatwa. Kukiwa na msiba, kuni, maji na unga vinafika kabla mfiwa hajaomba, na watu wanalala matangani naye. Huko ndiko nilikojifunza kusali, na sala hiyo ndiyo inayonishika hapa ninapozidiwa na upweke.

Naogopa pia imani inayoahidi njia ya mkato. Tarehe 1 Februari 2020, kule Moshi, watu 20 walikufa ibadani katika msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na shida za kweli, na msiba wao bado unaniuma. Ninaowakasirikia ni wahubiri wanaomwambia mgonjwa atoe nauli yake ya hospitali iwe sadaka ya “mbegu”, na asipopona wanamwambia imani yake ni haba.

Sisemi umaskini ni utakatifu. Zahanati inataka dawa, mtoto anataka ada. Watazameni masista wetu wa Mgolole: wameweka nadhiri ya ufukara, na bado wanauguza na kufundisha. Hawamiliki kitu, lakini wana cha kutoa kila siku. Yule tajiri wa Luka sura ya 12, aliyepanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, hakuwa na hata mtu mmoja wa kushauriana naye. Alisema na nafsi yake tu.

Mchango wangu wa mabati ya kigango nitamtumia mweka hazina wa jumuiya. Jina langu lisisomwe kanisani. Likisomwa, litakuwa la kwanza kwa sababu ya kiasi, na yule bibi aliyeleta debe la mahindi atasomwa mwisho.

Ndugu yenu,
Köln