Kabla Hujalipia Waifai, Angalia Ukuta wa Ploti Yenu

Uliza mtaani ni kampuni gani ya intaneti iliyo bora na utadhani umewasha vita vya Gor na Ingwe. Huyu anaapa kwa Safaricom, yule haambiwi kitu kuhusu Zuku, na mwingine ana sahani ya Starlink juu ya paa na hasalimii watu tena. Sawa. Lakini wewe toka kwanza nje uangalie ukuta wa ploti yenu. Nyaya za nani zimefika hapo?

Faiba haikufuati wewe mpangaji, inafuata jumba. Kampuni huingia kwa kuelewana na landilodi au ajenti, na mara nyingi aliyetangulia ndiye unayebaki naye. Ndiyo maana rafiki yako wa Roysambu anasifu kitu ambacho kwako Umoja hakijafika.

Kuhusu kasi, kuna jambo la kushukuru. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Mwaka uliofuata ikaruhusu watu kukodi vifaa kwa Sh1,950 kwa mwezi badala ya kununua. Septemba 2024, Safaricom ikaongeza kasi ya faiba bila kugusa bei: kifurushi cha Sh2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde, na kile cha Sh6,299 kutoka 40 hadi 80. Huo si ukarimu, buda. Ni ushindani.

Ila hata angani kuna foleni. Novemba 2024 Starlink ilifungia wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa, na ikakaa miezi kadhaa kabla ya kufungua tena.

Na hizo megabiti, zigawanye kwa 8 kabla hujachangamka. Megabiti 15 ni chini ya megabaiti 2 kwa sekunde, yaani filamu ya gigabaiti 1.5 itakuchukua kama dakika 13. Kwa mtu mmoja kwenye Zoom zinatosha kabisa. Mkiwa watano kwenye keja moja, na mmoja anacheza FIFA, hapo ni shughuli nyingine.

Kuna shida pia ambazo kuhama kampuni hakuziponyi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote. Stima nayo ikipotea, ruta inalala. Betri ndogo ya ruta itakusaidia kuliko kupanda kifurushi.

Kinachotenganisha kampuni hizi hasa ni siku ile mambo yanapoharibika. Mimi niliwahi kukaa siku nne bila mtandao, kampuni siitaji, kila asubuhi naambiwa fundi "yuko njiani". Ukifanya kazi za kunakili sauti mtandaoni, siku nne ni kodi ya nyumba imeenda. Tena tunalipa kabla ya kutumia, kwa hivyo siku zilizopotea ni hasara yako usipozidai.

Basi zidai. Kila ukipiga simu, itisha nambari ya malalamiko na uiandike. Pima kasi asubuhi na saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, halafu piga picha ya matokeo. Wakikuzungusha, peleka kesi kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Watakuuliza kama ulianza na kampuni yenyewe, na hapo ndipo nambari zile zitakufaa.

Na ukienda kuona keja mpya, usimuulize keateka kama kuna waifai. Atasema iko, tena "inakimbia". Gonga mlango wa jirani umuulize: ikikatika Ijumaa jioni, fundi huja lini?