Kadari Haifuti Haki ya Yatima: Tudai Fidia Baada ya Ajali



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu wanafunzi, leo ningependa tuzungumzie jambo linalotokea katika misiba yetu nasi tukaliacha lipite. Mtu amegongwa na gari, akafa au akavunjika mguu. Tunarejea kwa Mwenyezi Mungu, na hilo ndilo la Muislamu kufanya. Kisha mwenye gari anakuja na wazee wake, wanaleta sukari, mchele na bahasha ya ubani. Pamoja na hivyo huja karatasi, na ami wa marehemu anaambiwa atie saini kwamba familia imesamehe na haina dai lolote. Anayeuliza swali hujibiwa: "Hii ni kadari. Kudai pesa ni kuuza damu ya ndugu yako."

Maoni yangu ni kwamba maneno hayo si sahihi, na wanaoumia kwayo ni watoto.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Surat An-Nisaa aya ya 92, imeweka diya kwa anayeua kwa bahati mbaya, ikawapa watu wa marehemu nafasi ya kusamehe. Kama kudai kungekuwa kupinga kadari, diya isingewekwa. Kusamehe nako ni jambo kubwa lenye malipo, ila anayesamehe ni mwenye haki, na anasamehe kilicho chake. Mtoto wa miaka minne hajasamehe kitu. Ami yake ni mlinzi wa haki ya mtoto huyo, hana ruhusa ya kuigawa kwa kuona haya mbele ya wageni. Tunawafundisha watoto madrasa kwamba mali ya yatima ni moto kwa anayeila kwa dhulma. Basi na anayeiachia ipotee kwa uzembe, ajiulize atajibu nini.

Wako wanaosema pesa za bima zina shaka. Ni kweli wanazuoni wamehitilafiana kuhusu bima za biashara. Lakini swali hilo ni la mwenye gari anayenunua bima, tena sheria imemlazimisha. Aliyegongwa hakununua chochote. Yeye anadai haki yake kwa aliyemdhuru, na kampuni inalipa kwa niaba ya huyo.

Sasa tuitazame sheria. Hapa kwetu Uganda, sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 inamtaka mwenye gari anayelitumia barabarani awe na bima ya watu wa tatu, na pikipiki za boda boda zimo. Bima hii haikuwekwa kwa ajili ya gari lake. Iliwekwa kwa ajili ya mtu atakayeumizwa au kuuawa na gari hilo. Kwa hiyo ukienda kudai, huombi sadaka ya mtu.

Yafuatayo ni muhimu kuyafanya mapema:

1. Andika namba ya gari, na usome stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Chukua jina la kampuni, namba ya bima na tarehe ya mwisho. Kijana mwenye simu apige picha.

2. Toa taarifa polisi hata kama dereva anakusihi mmalizane wenyewe. Bila ripoti ya polisi ni vigumu kuthibitisha kwamba ajali ilitokea.

3. Weka karatasi zote za hospitali, risiti za dawa na za usafiri. Kwa aliyefariki, weka cheti cha kifo, cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

4. Andika barua kwa kampuni ya bima, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

5. Usitie saini karatasi ya kumaliza madai kabla majeraha hayajajulikana mwisho wake na kabla hujasomewa kila neno kwa lugha unayoielewa. Ukishatia saini, kuirudisha ni kazi kubwa.

6. Usichelewe. Kesi ya majeraha yaliyotokana na uzembe ina muda wa miaka 3. Ikiwa gari ni la serikali muda ni mfupi zaidi, miaka 2.

Kampuni ikikuzungusha, Mamlaka ya Bima ya Uganda ina kitengo cha kupokea malalamiko, na mwananchi wa kawaida anaweza kwenda bila wakili.

Hata hivyo tusidanganyane. Sheria hiyo ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Milioni moja ya wakati ule si ya leo. Kwa hospitali za sasa haitoshi kutibu mguu uliovunjika, seuze kulea mayatima. Lakini elewa kwamba kikomo hicho ni cha kampuni ya bima. Hasara iliyozidi hapo inaweza kudaiwa mahakamani kwa dereva na mwenye gari. Ndiyo maana ile karatasi ya kusamehe hutolewa mapema, machozi yakiwa bado hayajakauka.

Tuwatazame na majirani. Kenya imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja, kiasi kinachozidi cha kwetu mara nyingi. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2011, ilianzisha mfuko maalumu wa kuwafidia walioumizwa na gari lililokimbia au lisilo na bima. Na kwa gari lililovuka mpaka ipo Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika 1987, na Tanzania imo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukigongwa hapa na gari la nchi jirani lenye kadi hiyo, usiseme limeshaondoka. Dai hufanyiwa kazi hapa hapa ajali ilipotokea, kwa sheria ya hapa.

Kwa hiyo nawaomba maimamu na kamati za misikiti wafanye mambo mawili. Kwanza, kila msikiti uwe na mtu mmoja au wawili wanaozijua hatua hizi, wakae na wafiwa kabla karatasi yoyote haijatiwa saini. Wanafunzi wetu wanaosoma sheria vyuoni wanaweza kuifanya kazi hii. Pili, tuwaambie wabunge wetu waziwazi kwamba kiwango cha 1989 ni dhulma kwa wanyonge.

Anayetaka kusamehe fungu lake, asamehe, na Mwenyezi Mungu amlipe. Fungu la yatima tulidai, tuliandike, na tulihifadhi mpaka akue.

Wabillahi tawfiq.