Tusijidanganye, Kuzoea Kuna Mpaka Wake

Joto la Ghuba likianza kupanda tu, utasikia watu wanasema: "Ah, tutazoea. Kila kiumbe huzoea." Mimi sikubaliani na maneno haya, na shahidi wangu yuko mbali sana, kule Antaktika.

Huko kuna ziwa liitwalo Bonney, ambalo juu limefunikwa na barafu nene mwaka mzima. Chini yake, kiasi cha mita 17, wanasayansi walipata mwani wa kijani wa seli moja, mdogo hata hauonekani kwa macho. Siku hizi unaitwa Chlamydomonas priscui. Maji yake ni ya nyuzi joto 5 hivi na yana chumvi nyingi. Mwanga unaopenya barafu ni hafifu, na wakati wa baridi jua halichomozi kwa miezi. Jamani, nani angeishi hapo?

Lakini huu unaishi raha mustarehe. Mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli zake hubaki laini, hayagandi kama samli kwenye friji. Ndani yake umejaza gliseroli, ili chumvi ya nje isiunyonye maji. Hata namna unavyotumia ule mwanga kidogo ni tofauti na wenzake.

Sasa hapa ndipo wengi hatufiki. Mwani huu shujaa ukiuweka kwenye nyuzi joto 24, yaani sebuleni kwetu na AC inafanya kazi, seli zake zinakufa. Haukuzoea kila kitu. Umezoea baridi ya pale pale, tena kwa maelfu ya miaka.

Wenzake wanaoota juu ya theluji nao wako mashakani. Mwaka 2020, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba wamehesabu sehemu 1,679 zenye mwani wa kijani kwenye theluji ya Rasi ya Antaktika. Karibu theluthi mbili ziko kwenye visiwa vidogo vya chini. Theluji ikiisha pale, mwani utahamia wapi?

Wenye jamaa Unguja wanalijua jambo hili kwa mwani wa aina nyingine, ule wa kulima. Maji ya pwani yalipozidi joto, kotoni ilianza kuoza na kufa. Kina mama wengi wakabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo anayesema "tutazoea" namuuliza: kwa miaka mingapi, na nani atalipa? Sisi tuna AC, na joto likizidi tunakata tiketi. Mwani hauna pa kwenda, na mkulima wa Paje hana tiketi. Tuwaambie watoto wetu ukweli huu mapema, na tuanze kwa kuzima AC za vyumba visivyo na mtu.