Ujira ujulikane kabla ya safari

Kila ifikapo katikati ya mwaka, msimu wa miwa huwavuta vijana kutoka mikoa mbalimbali hadi mashamba ya Kilombero na Mtibwa, mkoani Morogoro. Huacha wake, wazazi na watoto. Swali letu kwa familia zinazowaaga ni moja: je, kijana ameondoka akiujua ujira wake?

Swali hili ni la zamani. Mkonge ulipoletwa nchini mwaka 1893, mashamba ya Tanga yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo. Wakaletwa kutoka Kigoma na hata Msumbiji, kila mmoja na namba yake. Ndio hao manamba. Walipewa kipande cha siku 30, na mshahara ulingoja siku hizo zijae, hata kama kuzitimiza kulichukua zaidi ya mwezi.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi na ujira wake kwa maandishi. Mkataba ukiisha mbali na mahali alikoajiriwa, mwajiri anawajibika kwa safari ya kumrudisha.

Sisi Waislamu tunalo funzo la kale zaidi. Surat Al-Qasas yatueleza kuwa Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mgeni aliyeikimbia Misri. Mzee aliyemwajiri alitaja malipo na muda wa miaka 8, akaifanya 10 kuwa hiari, na akaahidi kutomtaabisha. Yote hayo yalisemwa kabla ya kazi kuanza. Musa alikuwa na dhiki, lakini mzee hakuifanya dhiki ile kuwa nafasi ya kumpunja.

Nasi tusiwanyooshee kidole wenye mashamba makubwa peke yao. Wakulima wa nje wenye ekari chache nao hukatiwa miwa na vibarua, na miongoni mwao wamo ndugu zetu katika imani. Anayelalamika kuwa mizani ya kiwanda inampunja, ajiulize yeye anampimiaje aliyemkatia. Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaotaka kutimiziwa kipimo ilhali wao huwapunguzia wengine.

Basi wazazi, kabla kijana hajafunga mzigo, muulizeni: utalipwa kiasi gani, lini, utalala wapi, na nauli ya kurudi ni ya nani? Na mwenye shamba akumbuke mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kwamba mwajiriwa apewe haki yake jasho lake likiwa bado bichi.

Wallahu a'alam.