Nusu Ada Si Nusu ya Gharama
Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, kuna mzazi anayebaki njia panda: mwanawe kapangiwa shule ya kata, na shule binafsi imempa ufadhili wa nusu ada. Wengi hukimbilia huo ufadhili kabla hawajaisoma fomu ya kujiunga hadi ukurasa wa mwisho. Humo ndimo yalimo mambo: sare, godoro, basi la shule, masomo ya likizo, na kile kifungu kidogo kinachosema ufadhili utaondolewa wastani ukishuka. Serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule zake, za kata zikiwemo, hadi kidato cha nne tangu 2016. Nusu ada unayotaka kulipa inaweza kununua vitabu na kumlipa mwalimu wa hisabati wa jioni. Sikatai, shule nyingi za kata zimefurika wanafunzi, na mwalimu wa fizikia huko ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini uliza kwanza: ufadhili huu ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne? Nawe jiulize: muhula wa pili utalipa nini mavuno yakigoma? Shule isipokupa jibu kwa maandishi, mpeleke mwanao shule ya kata, kisha kagua madaftari yake kila jioni.