Kuchua Pekee Hakumrudishi Mchezaji Uwanjani

Mjini Babati, mchezaji anayeteguka kifundo cha mguu, iwe katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa au katika kiwanja cha shule, mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mtu ajuaye kuchua. Maji ya moto huandaliwa, mguu hukandwa kwa nguvu, na maumivu yakipungua mchezaji hurudi uwanjani. Desturi hiyo ina hekima yake, lakini ina kasoro mbili: huanza mapema mno, na huishia mapema mno.

Katika siku mbili tatu za kwanza, mishipa midogo ya damu iliyochanika haijapona. Joto na kuchua kwa nguvu huongeza uvimbe. Msuli wa paja uliogongwa, ukikandwa mapema, waweza hata kuota mfupa ndani yake. Kipindi hicho mguu hupumzishwa, hufungwa bendeji, huinuliwa na kuwekewa kitu cha baridi. Asiyeweza kukanyaga hatua nne, au anayeumia mfupa unapobonyezwa, apigwe eksirei kabla ya kuchuliwa.

Uvimbe ukitulia, mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia ina kazi kubwa. Kukisogeza kiungo taratibu huondoa ukakamavu na kurejesha uwezo wa kukikunja. Nafuu hiyo, hata hivyo, haidumu isipofuatwa na mazoezi. Kano zilizochanika hudhoofisha pia uwezo wa mwili kutambua mguu umekaaje. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena kwa wepesi. Uwezo huo hujengwa kwa kusimama kwa mguu mmoja, kupanda ngazi na kuruka kamba, kwa wiki kadhaa. Hakuna mafuta ya kuchulia yanayoifanya kazi hiyo.

Manyara ni nyumbani kwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa na goti lililojeruhiwa. Taifa humheshimu, na anastahili. Lakini ushujaa wa siku ile usigeuzwe kanuni ya kila Jumamosi.

Inafaa wakandaji, makocha na wataalamu wa hospitali wakubaliane kipimo kimoja: mchezaji arudi pale tu anapoweza kurukaruka kwa mguu ulioumia sawa na ule mzima, na kukimbia akikata kona bila kuchechemea. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji kocha aliye tayari kumweka benchi mchezaji wake bora.