Mahindi ya Nyumbani Ndiyo Yenye Sumu

Kabla hujafunga gunia, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi, ongeza chumvi kavu, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo bado mabichi na yataota kuvu. Yarudi juani, juu ya turubai na si kwenye udongo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya mazoea yetu hapa Msowero. Mahindi mazuri yanapakiwa kwenda kuuzwa Dumila. Yaliyopasuka, yaliyotobolewa na wadudu, yenye vumbi la kijani au manjano, tunayaita ya nyumbani. Vumbi hilo ni kuvu, nayo hutoa sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha ya kumshtua mpishi, na moto wa jikoni hauimalizi.

Mwaka 2016 jirani zetu wa Dodoma, pamoja na Manyara, waliugua manjano na kuvimba tumbo kwa sumu hiyo. Wagonjwa walikuwa 68, wakafa 20. Kenya mwaka 2004, Makueni, Kitui na kwingineko, waliugua 317 na kufa 125. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo haanguki leo. Ini lake huliwa miaka nenda rudi, na saratani ikijitokeza hakuna anayekumbuka lile gunia.

Sasa tazama sahani. Asubuhi uji, mchana ugali, usiku ugali: gunia likiwa na sumu, familia inaila mara tatu kwa siku. Wali, viazi vitamu, ndizi na mtama vikiingia zamu, dozi inapungua, na maharage na mboga vinaujenga mwili. Mpunga tunalima wenyewe, lakini tunauuza wote! Uji wa lishe nao uangaliwe, maana mahindi na karanga vyote hushika kuvu, na anayeunywa ni mtoto anayeanza kukua. Dona ni bora kuliko sembe, ila kwa mahindi safi tu: sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kwenye dona vyote viwili vimo.

Chambueni kwenye ungo, punje kwa punje. Mabovu yafukieni, msiyapikie pombe, msimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Na mtu akigeuka macho manjano, mkimbizeni kituo cha afya leo hii, mkiwa na bakuli la unga aliokula.